Namna ya kutofautisha "make" na "do" kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Fundi mmoja wa magari wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, niliyekuwa nikimfundisha Kiingereza jioni alimwandikia mteja wake "I made your car", akikusudia kwamba gari limekwisha kutengenezwa, kumbe kwa Kiingereza alikuwa amesema kwamba yeye ndiye aliyeliunda. Hakukosea kwa uzembe. Sisi husema "kutengeneza" kwa kuunda kitu kipya na kwa kurekebisha kilichoharibika, ilhali kurekebisha gari kwa Kiingereza ni "repair" au "fix".

Kabla ya kuchagua kati ya maneno haya mawili, jiulize kwanza iwapo kitendo kitaacha kitu ambacho awali hakikuwapo. Chapati, uamuzi na hata kosa huhitaji "make". Mtihani, biashara na kazi za nyumbani, ambazo ni shughuli za kutekelezwa, huhitaji "do". Kipimo hiki hakitoshi peke yake, kwani kutandika kitanda ni "make the bed" ingawa hakuna kitanda kipya kilichozaliwa. Kwa hiyo liandike kila jina pamoja na kitenzi chake, hasa pale ambapo sisi tunatumia "kupiga": kupiga simu ni "make a call", kupiga kelele ni "make a noise", lakini kupiga pasi ni "do the ironing".

Sehemu ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote, na ambayo wanafunzi wengi hawafundishwi, ni ile ya unyambulishaji. Kiswahili huibadili "cheka" kuwa "chekesha" na "lia" kuwa "liza", ilhali Kiingereza mara nyingi huifanya kazi hiyo kwa "make": "alinichekesha" ni "she made me laugh", bila kuweka "to" kabla ya "laugh". Unapokutana na kitenzi chenye kiambishi cha kusababisha, jaribu "make" kwanza.

"Do" nayo ina kazi ambayo haihusiani kabisa na kufanya. Katika "Do you know?" inasimama karibu na "je" yetu, na katika "Did you see?" ndiyo inayobeba wakati uliopita, ndiyo maana "Did you saw?" ni kosa: alama ya wakati imewekwa mara mbili. Chukua maswali kumi unayomuuliza kondakta wa daladala kila siku, uyaandike kwa Kiingereza, kisha ukague kama kila swali lina alama moja tu ya wakati.