Jinsi ya Kuzifanya Programu za Simu Zifungue Viungo katika Kivinjari Ukipendacho

Ukigusa kiungo ndani ya Facebook au Instagram, ukurasa hufunguka humo humo ndani ya programu, hata kama umeweka kivinjari kama Firefox au Brave kwenye simu yako kwa makusudi. Dirisha hilo halina nywila ulizohifadhi wala kizuia matangazo, halijui kwamba tayari umeingia kwenye akaunti yako ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali ya Kenya), na mara nyingi hukwama unapotaka kupakua faili ya PDF. Lipo pia suala la faragha: mwaka 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba Instagram na Facebook, kwenye iPhone, zilikuwa zikipachika msimbo wao wa JavaScript (maagizo ya programu yanayotekelezwa ndani ya ukurasa) katika kurasa za tovuti zilizofunguliwa ndani yake. Meta, kampuni inayozimiliki, ilijibu kwamba msimbo huo ulikuwa wa kuheshimu uamuzi wa mtumiaji kuhusu kufuatiliwa. Hata hivyo, msomaji makini ataona afadhali kusoma kurasa zake kwingine.

Anza kwa kuiambia simu yenyewe ni kivinjari gani unachokitaka. Kwenye Android, fungua Mipangilio, ingia Programu, kisha Programu chaguomsingi, na chini ya Programu ya kivinjari uchague unachokipenda; majina ya sehemu hizi hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Kwenye iPhone jambo hili liliruhusiwa tangu toleo la mfumo wake la iOS 14 la mwaka 2020: katika mipangilio ya simu, tafuta jina la kivinjari chako, kiguse, kisha ukifanye kuwa chaguomsingi, yaani kile ambacho simu hukitumia bila kuuliza. Kumbuka kwamba ukikifuta kivinjari hicho, iPhone itarudi kwenye Safari. Kwa WhatsApp, hatua hii peke yake kwa kawaida inatosha, kwa kuwa viungo vyake hukabidhiwa kivinjari cha simu moja kwa moja.

Kabla ya kuendelea, inafaa kutofautisha madirisha ya aina mbili, kwa sababu wengi huhangaika kuzima kitu ambacho hakina madhara. Programu nyingi za Android hutumia mfumo uitwao Custom Tabs, uliokuja na Chrome mwaka 2015, ambao huonyesha ukurasa juu ya programu uliyomo lakini kazi yote hufanywa na kivinjari chako chaguomsingi, kikiwa na nywila na vidakuzi vyake vyote (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha, kwa mfano za kukumbuka kwamba umeingia). Ili kulitambua dirisha la aina hiyo, gusa nukta tatu zilizo juu yake: kwa kawaida menyu itataja jina la kivinjari kinacholiendesha. Likiwa limetaja kivinjari chako, liache lilivyo. Lenye kuhitaji kushughulikiwa ni dirisha ambalo programu imelitengeneza kwa ajili yake yenyewe. Kwenye iPhone hali ni ngumu zaidi, kwani dirisha ambalo Apple imewapa watengenezaji wa programu kwa kazi hii ni la Safari, hata kama umechagua kivinjari kingine.

Dirisha ambalo programu imejitengenezea yenyewe huzimwa ndani ya programu husika, si katika mipangilio ya simu. Katika Facebook ya Android, ingia kwenye mipangilio na utafute sehemu ya kivinjari au ya picha na video. Humo mna swichi ya kufungua viungo nje ya programu. Telegram ya Android ina swichi ya kivinjari cha ndani katika mipangilio ya mazungumzo, nayo Gmail ya Android ina kisanduku cha kufungua viungo ndani ya Gmail, ambacho utakiondolea alama katika mipangilio ya jumla. Reddit pia hukuruhusu kuchagua.

Mahali pasipo na swichi, kama ilivyo kwa Instagram, huna budi kugusa nukta tatu kila mara na kuchagua kufungua katika kivinjari cha nje, au kunakili anwani na kuibandika mwenyewe. Inachosha, lakini usikwepe usumbufu huo pale unapotakiwa kuandika nywila au namba ya kadi ya benki. Google yenyewe ilikaza masharti mwaka 2021 kwa kuzuia watu kuingia kwenye akaunti zao kupitia madirisha yaliyopachikwa ndani ya programu. Kwa hiyo ukikataliwa humo, usikimbilie kubadilisha nywila, bali fungua ukurasa ule ule katika kivinjari.

Huenda pia kiungo ulichotaka kukisoma katika kivinjari kikarukia programu nyingine, mathalani cha YouTube kikafungua programu ya YouTube. Kwenye Android, ingia Mipangilio, kisha Programu, gusa jina la programu hiyo, ufungue sehemu ya kufungua kwa chaguomsingi na uzime swichi ya viungo. Tangu Android 12, kiungo kisicho na programu iliyoidhinishwa kukifungua huenda moja kwa moja kwenye kivinjari chaguomsingi, bila simu kukuuliza.