Kabla Mwanafunzi Hajamgusa Mgonjwa wa Dharura: Mambo ya Kuzingatia kwa Mkufunzi

Mwanafunzi anapokutana na mgonjwa mahututi kwa mara ya kwanza, anachokitafuta haraka ni jina la ugonjwa. Anamwona mtu amejiinamia, jasho linamtoka, mkono uko kifuani, na papo hapo neno "moyo" linamjaa kichwani. Kuanzia hapo haoni kingine. Hasikii mkoromo wa kooni, hahesabu pumzi, wala hakumbuki kupima sukari. Nimeliona hili kwa wanafunzi wazito na kwa wale wanaoongoza mitihani ya nadharia, na hawa wa pili ndio hunaswa zaidi, kwa kuwa majina ya magonjwa wanayo mengi. Kwa hiyo maandalizi yote ya mkufunzi, tangu hati ya zoezi la kuigiza dharura hadi mkoba wa vifaa, yapimwe kwa swali moja: je, yanamlazimisha mwanafunzi kumchunguza mgonjwa kwa utaratibu kabla ya kumpachika ugonjwa?

Jambo la kwanza ni wakufunzi wenyewe kukubaliana. Mmoja akifundisha presha ipimwe mwanzo na mwingine akisema pumzi, mwanafunzi atachanganyikiwa siku mbaya kuliko zote. Utaratibu unaojulikana unatosha: usalama wa mahali penyewe, damu inayomwagika kwa wingi, njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, kisha kumfunua mgonjwa ili lisibaki jeraha au upele uliojificha chini ya nguo. Kuna kanuni mbili za kuusindikiza. Kasoro ikionekana, ishughulikiwe hapo hapo kabla ya kusogea hatua inayofuata. Na hali ya mgonjwa ikibadilika, au baada ya kumpa tiba yoyote, uchunguzi unarudi mwanzo. Kanuni hii ya pili ndiyo inayosahaulika sana, basi iandikwe ukutani kama inabidi.

Utaratibu unafundishika, hata kwa mtu asiye na historia yoyote ya udaktari. Mwaka 1967 mjini Pittsburgh, Marekani, huduma ya ambulensi iliyoitwa Freedom House ilianza kuwafunza wakazi Weusi, wengi wao wakiwa hawana ajira, chini ya mpango wa daktari Peter Safar, yule yule aliyechangia sana kuweka misingi ya kufungua njia ya hewa na kumpulizia mgonjwa pumzi. Wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini humo kutoa tiba ya kina nje ya hospitali. Huwa nawasimulia wanafunzi habari hii siku ya kwanza kabisa.

Sasa hati ya zoezi. Hapa usione uvivu. Hati isiyo na namba humfanya mkufunzi abuni vipimo papo kwa papo, na vipimo vya kubuni havisemi ukweli wa mwili. Chukua shambulio la pumu kwa mtu mzima. Andika kabla: pumzi 32 kwa dakika, wakati kawaida ni 12 hadi 20, oksijeni kwenye damu asilimia 89, mapigo ya moyo 128, anazungumza maneno mawili mawili huku akiegemea mbele. Kisha andika njia mbili. Akipewa oksijeni na dawa ya kupanua mirija ya hewa mapema, pumzi zishuke hadi 26, oksijeni ipande, naye aanze kutamka sentensi nzima. Akicheleweshewa, pumzi zishuke hadi 12, mluzi wa kifua upotee, na mgonjwa aanze kusinzia.

Njia hiyo ya pili ndiyo hazina ya zoezi zima. Mwanafunzi aliyekariri viwango atafurahi: pumzi zimerudi kwenye kawaida, mluzi umekwisha! Lakini mgonjwa amechoka, hewa haipiti tena kwa kiasi cha kutoa sauti, na usingizi ule ni hewa chafu iliyomrundikia mwilini. Kifua kikimya kwa mgonjwa wa pumu ni dalili ya hatari kubwa. Mwanafunzi aliyemtazama mgonjwa mwenyewe, na si namba tu, atashtuka. Hati iliyoandikwa vizuri inampa nafasi ya kushtukia darasani, ambako hakuna anayekufa.

Katika kuchagua matukio, anza na yale ambayo mtu hudanganyika kirahisi. Mgonjwa aliyepooza upande mmoja anaonekana wazi kuwa na kiharusi, ila sukari iliyoshuka chini ya 4 kwa kipimo cha milimoli kwa lita huweza kuleta sura ile ile, na inatibika kwa dakika chache. Kama ni kiharusi kweli, swali lenye thamani ni hili: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na kwa mtu aliyeamka nacho, saa hazihesabiwi tangu alipoamka bali tangu alipoonekana mzima kabla ya kulala. Mwigizaji anayecheza nafasi ya ndugu wa mgonjwa alijue jibu hilo, na asilitoe mpaka aulizwe.

Mzio mkali nao uwemo, tena mapema. Wanafunzi hungoja upele. Upele unaweza usitokee kabisa, huku koo likivimba na presha ikianguka. Adrenalini ya mtu mzima ni nusu miligramu, ndani ya msuli wa upande wa nje wa paja, na hurudiwa baada ya dakika 5 ikiwa hajapata nafuu. Hata hivyo hakikisha dozi zote kwenye hati zinalingana na mwongozo wa kazi unaotumika mahali wanafunzi wako watakapofanya kazi. Namba aliyoizoea mkono wake kwenye zoezi ndiyo atakayoivuta kwenye bomba la sindano.

Moyo uliosimama una mtego wake. Dakika za mwanzo mgonjwa huweza kuvuta hewa kwa vishindo, mara moja moja, mdomo wazi, ile mihemo ya mtu anayekata roho. Mwanafunzi huona mdomo ukicheza akasema "anapumua", na kifua hakiguswi. Tafuta video au mwigizaji wa kuionyesha mihemo hiyo kabla ya zoezi, maana mwanasesere wa mazoezi hawezi. Mwanasesere ana kazi nyingine, na tangu yule wa kwanza aliyetengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vichezeo wa Norwei, kazi hiyo ni kuufundisha mkono: kukandamiza kifua kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kwa kila pumzi 2 za kumpulizia, kifua kiachwe kirudi juu chote, na wakandamizaji wapokezane kila dakika 2 hata kama aliyeko juu anasema hajachoka. Kagua springi yake. Iliyolegea inafundisha uongo.

Vifaa havihitaji maneno mengi: fungua mkoba, washa kila kinachowashwa, kagua betri, mtungi wa oksijeni na mashine ya kufyonza. Lakini dawa na vifaa vya mazoezi vipigwe alama kubwa na vihifadhiwe chumba tofauti na vya kazi. Chupa ya maji iliyoandikwa adrenalini isipate hata siku moja njia ya kuingia kwenye ambulensi. Na mashine halisi ya kushtua moyo isiunganishwe kwa mwigizaji aliye hai, hata kwa kuonyesha tu.

Watayarishe pia watu. Kuna mwanafunzi aliyempoteza mzazi kwa kiharusi mwaka jana, nawe hujui. Wataje matukio ya wiki mapema, waambie anayeona jambo litamlemea aje mkae pembeni. Kubalianeni maneno ya kusimamisha kila kitu, kwa mfano "hili si zoezi", yatakayotumika mtu akiumia au kuugua kweli. Mazungumzo ya baada ya zoezi yapewe muda mrefu kuliko zoezi lenyewe. Swali lako lisiwe "kwa nini hukupima sukari?" Muulize ulikuwa unafikiria nini ulipomwona halijibu jina lake. Jibu la swali hilo ndilo linalokuonyesha pale utaratibu ulipokatikia.

Makabidhiano ya mgonjwa huachwa mwisho, kisha muda unaisha. Yapangie dakika zake. Weka mtu wa kupokea, asiyeliona zoezi, aandike alichosikia kwa dakika moja: umri, saa ya tukio, kilichotokea, kilichoonekana, vipimo, tiba iliyotolewa na alivyoitikia. Linganisha karatasi yake na hati. Pengo lililopo kati yake litamfundisha mwanafunzi kuliko maonyo yako.

Kabla ya zamu halisi, hakikisha amechanjwa homa ya ini aina ya B, anajua kwa maandishi nini anaruhusiwa kufanya na nani anamsimamia, na anajua pa kukimbilia akichomwa na sindano iliyotumika, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72. Zamu ya kwanza mimi humpa kazi moja tu. Ahesabu pumzi za kila mgonjwa kwa dakika nzima, kwa saa ya mkononi, aandike namba, na asiniambie anafikiri ni ugonjwa gani mpaka tuwe tumeshamkabidhi mgonjwa.