Beetle ya zamani: nyanyua kiti cha nyuma kabla ya kulipa

Ukinunua Volkswagen Beetle ya zamani kwa mtu binafsi hapa Kenya, usianze na rangi. Nyanyua kiti cha nyuma: namba ya chesisi imegongwa juu ya uti wa katikati wa sakafu. Futa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha mulika tochi kwa ubavu. Alama za grinda au tarakimu zilizopinda mstari ni sababu tosha ya kuondoka. Kibati cha namba kilicho mbele, nyuma ya tairi la akiba, kilingane nayo, lakini usikiamini peke yake, maana hung'oleka kirahisi. Bati la sakafu pembeni mwa uti likiwa limechomelewa si ajabu, huoza kwa kutu. Uti wenyewe ukiwa na mshono karibu na namba, hapo pana shida.

Namba ya injini iko chini ya kikalio cha dainamo. Injini hizi hubadilishwa sana, hivyo namba hii kutofautiana na rekodi za gari pekee si ushahidi wa wizi, ila muuzaji awe na karatasi za mabadiliko hayo.

Tafuta mwenyewe rekodi za gari NTSA, mamlaka inayosajili magari. Usipokee nakala aliyochapisha muuzaji. Jina lilingane na kitambulisho chake. Andikeni mkataba, lipa kwa benki. Gari likithibitika la wizi, mwenye gari halisi hurudishiwa hata kama wewe hukujua, nawe unabaki kumdai aliyekuuzia. Bila jina lake halisi, utamdai nani?