Somo: Yule ndege mweusi wa Ziwa Naivasha ni yupi? Soma kabla ya kuuliza

Swali ni lilelile kila wiki: "Nimeona ndege mweusi majini, anaitwaje?" Naliandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa. Naivasha, ukiwaondoa bata, mara nyingi ni mmoja wa watano: mnandi mkubwa, mnandi mdogo (ni aina mbili, si mzazi na kinda), mbizi, kukuziwa au kibisi.

1. Jua liwe mgongoni mwako. Ukilitazama jua, hata yangeyange ni mweusi.

2. Mdomo kwanza, rangi baadaye. Ulionyooka na kuchongoka kama mkuki ni wa mbizi. Wenye ncha iliyopinda kama ndoana ni wa mnandi. Mfupi, mweupe, ulioungana na kibandiko cheupe cha kipajini ni wa kukuziwa.

3. Anavyokaa majini. Mbizi huzamisha mwili wote akabakiza shingo, utadhani nyoka anaogelea. Mnandi huonyesha mgongo kidogo. Kukuziwa huelea juu kama bata. Kibisi ni mdogo na wa mviringo, mkia hauonekani. Akizama, ataibukia kwingine.

4. Umri. Hapa ndipo nilipokosea mimi, na ndipo wengi wanapokosea. Mnandi mkubwa ana weupe kooni na kifuani, basi mtu akiona kifua cheupe anaandika "mkubwa". Sivyo! Kinda la mnandi mdogo nalo lina kifua kilichopauka. Linganisha mdomo na kichwa: wa mnandi mdogo ni mfupi waziwazi, wa mkubwa unakaribia urefu wa kichwa. Kisha mkia: wa mdogo ni mrefu kwa mwili wake. Jicho jekundu ni la mnandi mdogo aliyekomaa. Kinda hana, kwa hiyo kulikosa si ushahidi. Na usikadirie ukubwa wa ndege aliye peke yake majini. Subiri atue karibu na bata bukini: mnandi mdogo, sentimita 50 hadi 55, ataonekana mdogo kwake, mkubwa, kama sentimita 90, atampita.

5. Andika palepale: saa, mahali, alichokuwa akifanya.

MASWALI

Kaka Sele: Jana nimeona mweusi amekaa juu ya mti uliokufa majini, mabawa wazi. Nani?
– Mnandi au mbizi, wote huanika mabawa hivyo. Mdomo ulikuwaje? Hatua ya 2.

Kaka Sele: Sikuuona mdomo.
– Basi hatuwezi kumtaja.

Bi Kidoti: Programu ya simu imesema ni mnandi wa Cape. Nawe unasema hayupo?
– Sijamtaja kwa sababu ni ndege wa pwani ya bahari, kusini mwa Afrika. Programu hukisia kutokana na picha uliyoipa. Weka mahali na tarehe sahihi, kisha uilete picha hapa.

Mwanafunzi_Gilgil: Samahani mwalimu, kwa nini mnandi aanike mabawa na bata asianike?
– Swali zuri sana. Manyoya ya bata hayapitishi maji. Ya mnandi hulowa sehemu ya nje, ya ndani karibu na ngozi hubaki makavu. Kulowa huko kunampunguzia kuelea, hivyo anazama kwa urahisi kufuata samaki. Gharama yake ni kukaa juani akauke. Mbizi hulowa zaidi, ndiyo maana hubaki shingo tu. Ukipata nafasi, mtazame akiibuka: samaki humchoma kwa mdomo, humrusha juu, humdaka na kummeza kichwa kwanza.

Mama Pendo: Sina kamera. Simu yangu haivuti mbali.
– Kunja mpira wa darubini ulio upande wa jicho, bandika lenzi ya simu hapo, rekodi video ya sekunde 20, kisha toa picha iliyo kali kuliko zote. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha.

Nahodha: Kwenye boti omba injini izimwe mapema, boti isogee yenyewe. Mnandi huruka akisikia injini ikibadilika sauti.
– Asante, Nahodha. Na wanaotembea ukingoni: alfajiri na jioni viboko wako nchi kavu. Msiwafuate ndege kwenye mafunjo saa hizo.

Mwanafunzi_Gilgil: Akiwa angani je?
– Mnandi hupiga mabawa mfululizo. Mbizi hupiga kidogo, kisha huteleza, na mchana huzunguka juu kama mwewe, mkia mrefu umetanda.