Jinsi ya Kupanga Mazoezi Makali kwa Kuzingatia Asidi ya Damu na Homoni

Kabla ya kupanga mazoezi makali, amua kwanza unachokitafuta: kasi ya siku hiyo au mwitikio wa homoni unaofuata, kwa kuwa njia za kuvifikia hazifanani.

Damu ya mtu aliyepumzika huwa na pH (kipimo cha asidi; kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) ya takriban 7.4. Akiendesha baiskeli kwa nguvu zake zote kwa sekunde 30 hadi 90, na hasa akirudia, misuli huzalisha ioni za hidrojeni, chembe zinazoleta asidi, kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuimudu, na pH inaweza kushuka hadi karibu 7.1. Asidi hiyo si sumu ya kuogopwa. Ni mojawapo ya ishara zinazochochea tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kutoa homoni ya ukuaji. Majaribio yameonyesha kuwa mtu akimeza bikaboneti ya sodiamu (magadi ya kuokea, yanayopunguza asidi) kabla ya mazoezi yaleyale, damu yake hupungua asidi na homoni hiyo hupanda kwa kiasi kidogo zaidi.

Ukitaka mwitikio wa homoni, basi, acha bikaboneti. Pasha mwili joto vizuri, kisha fanya mikupuo michache, yaani vipindi vya kukanyaga kwa nguvu zote, ya sekunde 30, ukipumzika dakika 4 au 5 kila baada ya mkupuo. Pumzika kwa kukaa, kwa sababu kuendelea kukanyaga pedali taratibu huondoa mapema laktati, zao la misuli linaloambatana na asidi hiyo. Anayeanza atosheke na mikupuo 2.

Ukitaka kasi, bikaboneti ina nafasi yake: gramu 0.2 hadi 0.3 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 14 hadi 21 kwa mtu wa kilo 70, dakika 60 hadi 180 kabla ya kuanza. Igawe katika sehemu ndogondogo, maana huvuruga tumbo, na ijaribu mazoezini kabla ya siku ya mashindano. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asiitumie bila ushauri wa daktari, kwani ina sodiamu nyingi.

Upimaji nao unahitaji uangalifu. Homoni ya ukuaji hufikia kilele dakika kadhaa baada ya mazoezi, mara nyingi kati ya 15 na 30, hivyo sampuli moja ya papo hapo hupotosha. Kupanda huko ni kwa muda mfupi, na peke yake hakuthibitishi kwamba misuli itakua. Ukilinganisha siku mbili, pima saa ileile, kwa kuwa viwango vya homoni hubadilika kwa saa; kwa mfano kotisoli, homoni ya mfadhaiko, huwa juu asubuhi hata kwa mtu ambaye hajafanya mazoezi.