Discovery ya Mkono wa Pili Malindi: Uliza Kwanza Ililala Wapi

Swali la kwanza ninalomuuliza anayeuza Land Rover Discovery au Range Rover hapa Malindi ni hili: gari limekuwa likilala wapi? Wengi hushangaa, maana wamejiandaa kunieleza habari za kilomita. Lakini nimefungua magari mengi ya namna hii gerejini kwangu, na yaliyonitia huruma zaidi ni yale yenye kilomita chache, yaliyokaa miaka kwenye majumba ya Casuarina na Silversands yakimngoja mwenyewe arudi kutoka Ulaya. Upepo wa baharini huja na chumvi, usiku umande hulowesha chuma, na gari lisilotembea halipati joto la kujikausha. Lile lililokuwa likipanda Nairobi kila mwezi, hata likiwa na kilomita 220,000, mara nyingi ni zima kuliko hilo.

Nitaeleza kwa Discovery 3, kwa sababu ndiyo ninayoijua kiungo kwa kiungo. Ilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2009, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, zinazouzwa leo zote zimeishi nchini muda mrefu. Mengi nitakayosema yanaihusu pia Discovery 4 na Range Rover Sport ya wakati huo. Ni ndugu wa tumbo moja.

Hatua ya 1: Pima mfuko

Bei ya kununua ni nusu ya habari. Ninawashauri wateja watenge angalau theluthi ya bei ya gari kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Ukiwa nazo za kununulia tu, nakuomba kwa moyo mweupe, tafuta Prado ya dizeli yenye springi za kawaida. Itakupeleka Marafa na kukurudisha, na spea zake utazipata hata Garsen.

Injini utakazokutana nazo zaidi ni ya dizeli ya lita 2.7 yenye silinda sita, na ya petroli ya lita 4.4 yenye silinda nane (V8). Ile ya petroli ni ngumu kufa lakini inakunywa. Ya dizeli ni tulivu na ina nguvu, ila ina masharti yake, nayo nitayafikia.

Hatua ya 2: Karatasi

Tafuta rekodi ya gari kwenye eCitizen kabla hujalipa hata shilingi ya kishikio. Jina la mwenye gari lifanane na la anayeuza, nambari ya chesisi ifanane na iliyopigwa kwenye gari lenyewe, na usikubali hadithi kwamba logibuku iko kwa wakili. Kisha omba risiti za gereji. Mtu aliyelitunza gari la namna hii huwa na bahasha yake.

Hatua ya 3: Ingia chini ya gari

Hapa ndipo pesa inapookolewa. Kuna kijana mmoja, mwalimu, alinichukua twende kuangalia Discovery iliyokuwa imeegeshwa chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka ufukweni. Rangi inang'aa, viti vya ngozi havina mkunjo.

"Ami, limetembea kilomita 84,000 peke yake. Lingali jipya."

"Subiri mwanangu, nilale chini kwanza."

Niliingia na tochi na bisibisi. Fremu upande wa nyuma, karibu na tairi la spea, ilikuwa ikibanduka magamba kama samaki anayeparwa. Nikapeleka mkono juu ya fremu, mahali paipu za breki za nyuma zinapopita kati yake na bodi. Hapo hapaonekani kwa macho, sharti upapase. Kidole changu kilirudi na unga wa rangi ya udongo, na paipu ilikuwa imevimba kwa kutu kama mshipa wa shingo. Breki ya ghafla moja pale Gede, ingepasuka. Kubadilisha paipu hizo ni kazi ndefu, kwa sababu mahali penyewe pamebanwa na bodi.

Kwa hiyo nawe fanya hivyo. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi ukianzia nyuma, usikilize. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti ya kopo lenye mchanga. Papasa paipu za breki. Tazama bushi za mikono ya chini ya mbele kama zimepasuka, maana barabara zetu huzimaliza. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi, jiulize kimefichwa nini.

Ukitoka chini, inua zulia la mbele, upande wa dereva na wa abiria, uguse sponji yake. Kwenye magari yenye dirisha la paa kuna vijibomba vya kuteremshia maji, na majani ya mwarobaini huviziba. Mvua za masika zikija, maji hushuka ndani hadi kwenye viungio vya waya. Zulia bichi ni matatizo ya umeme yasiyokwisha.

Hatua ya 4: Sasipensheni ya hewa

Discovery 3 nyingi zinasimama juu ya mipira minne ya hewa badala ya springi za chuma. Mpira ukizeeka hupasuka kwenye mikunjo na kuvuja pole pole. Dalali atakuwashia gari, litapanda vizuri, nawe utaridhika. Lakini kompresa inayojaza mipira inayovuja hufanya kazi usiku na mchana hadi inaungua.

Jaribio langu ni la usiku mmoja. Egesha gari mahali tambarare, pima kwa futi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, andika vipimo vinne. Halafu chomoa fyuzi ya sasipensheni. Usiruke hilo, kwa sababu gari hili hata likiwa limezimwa huamka lenyewe baada ya saa kadhaa na kushusha pembe zote zilingane na ile iliyoshuka, hivyo asubuhi utaliona limeshuka sawasawa usijue mgonjwa ni yupi. Fyuzi ikiwa nje, pembe inayovuja hushuka peke yake. Asubuhi rudisha fyuzi, washa gari, mpulizie mpira huo na viungio vyake maji ya sabuni. Mapovu yatakuonyesha.

Jambo moja zaidi: betri dhaifu huwasha taa za onyo za sasipensheni hata kama kila kitu ni kizima. Pima betri kabla hujamruhusu mtu akuuzie kompresa.

Hatua ya 5: Injini na mashine ya kompyuta

Fika asubuhi injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Sikiliza mwasho wa kwanza. Mgongano mzito kutoka chini, ondoka. Injini hizi za 2.7 zinajulikana kwa kukatika krankishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na hilo halina tiba ndogo.

Kwa dizeli hiyo, uliza kuhusu taimingi belti, mkanda unaooanisha mizunguko ya injini. Kiwandani waliweka kilomita 168,000 hivi au miaka 7, na joto letu na vumbi la chumvi havisubiri hesabu hiyo. Pasipo risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa. Unapoibadilisha, badilisha pia ile belti ndogo ya nyuma inayozungusha pampu ya dizeli, na kama ni injini za mwanzo, weka pampu mpya ya oili, kwa sababu ya zamani ilikuwa na sikio dhaifu pale tenshona, kinachokaza belti, inapofungwa.

Unganisha mashine ya kompyuta inayosoma hitilafu za gari hili hasa, siyo kile kidude cha kusoma kila gari. Kisha endesha nusu saa, jaribu gia nzito, pandisha na ushushe sasipensheni, vuta breki ya mkono. Ikipiga kelele kama chuma kinachokwaruzwa, imejaa uchafu au haijarekebishwa.

Hatua ya 6: Ukishalinunua

Oili ya injini ninabadilisha kila kilomita 8,000, aina ya 5W-30 iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, siyo yoyote iliyo rafuni. Gia boksi ni ya kampuni ya ZF, nayo watu huambiwa oili yake ni ya maisha. ZF wenyewe wanasema ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na mimi nawafuata hao. Dizeli nunua kwenye kituo chenye foleni, na toa maji kwenye filta.

Kuosha. Visima vingi vya karibu na bahari hapa vina maji ya chumvi, na nimeona watu wakiosha gari kwa maji hayo kila Jumamosi wakidhani wanalitunza. Tumia maji ya mfereji yanayotoka Baricho, au ya mvua, na uelekeze bomba chini ya gari, ndani ya madigadi na juu ya fremu. Likikauka, paka nta ya chesisi. Wale wanaopaka oili chafu ya injini wanalinda chuma na kuozesha bushi za mpira kwa wakati mmoja.

Ukienda Mambrui au Ngomeni kwenye njia za mchanga, punguza upepo wa tairi hadi psi 18, inua gari, weka swichi kwenye alama ya mchanga, na ujaze tena upepo ukirudi lamini. Ufukweni penyewe usiingie. Kasa hutaga pale, na maji ya bahari hayatoki ndani ya breki.

Ukisafiri, mwachie mtu ufunguo. Kila wiki alitembeze nusu saa hadi lipate joto, alipandishe na kulishusha, akanyage breki barabara ili diski zisishike kutu, awashe kipoza hewa.

Yule kijana mwalimu hakununua lile la chini ya mwarobaini. Alipata jingine kwa mkazi wa Gede, kilomita 196,000, bahasha ya risiti imenona, mkwaruzo mrefu ubavuni. Tulianza na belti zote mbili, kisha mpira wa hewa wa nyuma kushoto, ambao ndio uliokuwa umeshuka sentimita nne asubuhi baada ya jaribio la usiku.