Trompeti ya jazi hapa Lushi (Lubumbashi): namna ya kuanza mpaka ikulishe

Usinunue trompeti juu tu inang'aa. Za okazyo zingine ni nzuri kuliko mpya za bei chini, ila pima kwanza: vuta kale kabomba ka pistoni (kifungo cha kufinya) ya kwanza bila kufinya pistoni, ngoja kidogo, alafu finya. Ikilia "po!" hewa haivuji. Ikinyamaza, achana nayo hata muuzaji apunguze bei namna gani. Embushuri (kale kakipande ka kuwekea mdomo) ya Bach 7C inatosha kuanzia.

Mwanzoni usikimbilie nyimbo. Shika noti moja, sol ya chini, pole pole mpaka pumzi inaisha na sauti haitetemeki, alafu pumzika muda ule ule umepiga. Midomo ni nyama, ikichoka na wewe unalazimisha utaanza kukandamiza embushuri kwenye meno, na kuacha tabia ile ni kazi kweli. Majirani bakilalamika fungua kabati upigie mu nguo, zinameza sauti, tena hakuna mwangwi wa kukudanganya.

Sasa kitu kinachochuja batu hapa kwetu njo tonalite, ni kusema noti yenye wimbo unajengwa juu yake. Trompeti ya kawaida iko ya si bemoli, maana wewe ukipiga do, kwa piano inasikika si bemoli, toni moja chini, kwa hiyo wewe unapanda toni moja juu ya wengine. Jazi nyingi imeandikwa mu fa, si bemoli, mi bemoli, na kwa trompeti hizo ni raha tupu. Lakini bapiga gitaa benyewe banapenda mi na la juu ya kamba za wazi, na hawatakuuliza kitu. Gitaa ikianza mu mi, wewe uko mu fa diezi, diezi sita (noti sita za kupandisha nusu toni)! Ikianza mu la, uko mu si, diezi tano. Kijana anajua gamu (noti za kufuatana za tonalite) rahisi zote, jumapili anaingia kanisani na solo inapotea. Mimi ningeanza na hizo ngumu, kila asubuhi, rahisi zitakuja zenyewe.

Kwa masikio, chukua solo moja fupi, iimbe kwa mdomo mpaka unaijua, njo uitafute kwa pistoni. Clifford Brown, mpiga trompeti wa Amerika, ni mwalimu mzuri, alikufa 1956 akiwa na miaka 25 tu lakini kila noti yake inasikika safi. Hugh Masekela pia, na yeye alikua mu bendi ya vijana Afrika Kusini ambayo Louis Armstrong, mpiga trompeti mkubwa wa Amerika, aliipelekea trompeti. Armstrong mwenyewe alipiga hapa hapa Elisabethville (jina la zamani la Lushi) mwaka 1960, wakati Katanga imejitenga, kwa hiyo mtu asikuambie jazi ni mambo ya mbali.

Kusoma, kuna INA (Institut National des Arts, shule ya sanaa) kule Kinshasa, na Chuo Kikuu cha Cape Town kiko na digrii ya jazi, ila utapita odisyo (kupiga mbele yao bakupime), kwa hiyo solfeji, kusoma noti, isikushinde.

Feza: jazi peke yake haitalipa nyumba. Utapiga matanga, ndoa, fanfari, hoteli, na hakuna haya ndani yake, midomo inakomaa huko huko. Ila patana mbele: nusu ya malipo mkononi kama avansi, nani analipa teksi ya usiku, mnapiga mpaka saa ngapi. Kwa video ya kutafuta kazi weka simu mbali kidogo na ugeuze kengele ya trompeti pembeni, la sivyo sauti inapasuka na mwenye hoteli anafunga mbele hata ya solo.